Usonji: mpaka wa utambuzi uwekwe wapi?

Mtoto mwenye homa akifikishwa zahanati, iwe ya Mbozi au ya Kilolo, mhudumu humtoboa kidole, huweka tone la damu kwenye kipimo cha malaria, husubiri kama robo saa, kisha husoma mistari. Usonji, yaani hali ya ukuaji inayogusa namna mtu anavyohusiana na kuwasiliana na wengine, hauna kipimo cha namna hiyo. Hakuna kipimo cha damu, picha ya ubongo wala uchunguzi wa vinasaba unaoweza kumwambia mzazi kwa uhakika kwamba mwanawe anao au hana. Kinachofanyika ni mtaalamu kumtazama mtoto akicheza, kumsikiliza mzazi akieleza jinsi mtoto alivyokua, kulinganisha yote hayo na vigezo vilivyokwisha kuandikwa, kisha kuamua. Kwa kuwa ni uamuzi, lazima kuwe na mahali ambapo mtaalamu anasema "huyu ndiye" na "huyu siye". Mahali hapo ni wapi, nani alipapanga, na je, panamfaa mtoto wa Tukuyu kama panavyomfaa mtoto wa London?

Mpaka huo umehama sana tangu ulipowekwa mara ya kwanza. Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alieleza mwaka 1943 watoto 11 waliojitenga na watu tangu uchanga wao na waliotaka kila kitu kibaki vilevile siku zote. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna alieleza wavulana wanne waliozungumza vizuri, wengine kwa ufasaha uliozidi umri wao, lakini walioshindwa kuishi na wenzao. Karibu miaka 20 kabla, Grunya Sukhareva wa Moscow alikuwa amekwisha kueleza wavulana wanaofanana sana na hao wa Asperger, ingawa kazi yake ilikaa miaka mingi bila kusomwa na wengi. Ukiweka kundi la Kanner upande mmoja na la Asperger upande mwingine, ubishi wote uliofuata unaonekana humo: je, hii ni hali moja au ni mbili, na kama ni moja, inaishia wapi?

Mfano unaolieleza jambo hili kuliko mwingine wowote ninaoufahamu unatoka Camberwell, kusini mwa London, ambako Lorna Wing na Judith Gould walichunguza watoto wa eneo hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1979. Walipohesabu watoto waliolingana na maelezo ya Kanner, walipata takriban 5 katika kila 10,000, idadi iliyokaribiana na ile ya 4.5 ambayo Victor Lotter alikuwa ameipata katika jimbo la Middlesex mwaka 1966. Lakini walipohesabu watoto wote wenye upungufu mkubwa katika kuhusiana na watu, pamoja na matatizo ya mawasiliano na ya mchezo wa kuigiza, walipata takriban 21. Eneo lilikuwa lilelile na watoto walikuwa walewale. Hakuna hata mmoja aliyeugua kati ya hesabu ya kwanza na ya pili. Kilichobadilika ni kigezo, na kubadilika kwake peke yake kuliongeza idadi mara nne.

Yaliyofuata yalikwenda kwa mwelekeo huohuo. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, unaojulikana kwa kifupi kama DSM, uliutambua usonji rasmi mwaka 1980, ukaongeza hali ya Asperger mwaka 1994, kisha mwaka 2013 ukaziunganisha hali zote hizo chini ya jina moja la usonji wenye wigo mpana. Ainisho la Kimataifa la Magonjwa la Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, limefuata njia hiyohiyo. Nchini Marekani, hesabu rasmi za watoto wa miaka minane zilionyesha mtoto 1 kati ya 150 mwaka 2000, na 1 kati ya 31 mwaka 2022. Anayesoma takwimu hizo bila kujua habari ya Camberwell hudhani kuna mlipuko wa ugonjwa, na wapo waliotafuta wa kulaumiwa, hasa chanjo. Dai la chanjo lilitokana na makala ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12 tu, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Mama anayesita kumpeleka mtoto kwenye chanjo ya surua kwa sababu hiyo na atulie, ampeleke. Sehemu kubwa ya ongezeko inaelezwa na vigezo vilivyopanuka, wataalamu walioongezeka, wazazi waliofumbuka macho, na watoto waliokuwa wakiandikiwa ulemavu wa akili ambao sasa wanaandikiwa usonji. Nchini Denmark, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba mabadiliko ya vigezo na ya namna ya kuweka kumbukumbu yalieleza takriban asilimia 60 ya ongezeko la huko.

Mpaka huyumba hivi kwa sababu tabia zinazounda usonji hazipatikani kwa watu wenye usonji peke yao. Mwaka 2003 John Constantino na Richard Todd walichapisha utafiti juu ya watoto mapacha ulioonyesha kwamba tabia hizo zimeenea katika jamii nzima kwa viwango vinavyopanda kidogokidogo, bila pengo linalotenga kundi moja na jingine. Hali ni kama ya presha ya damu. Kila mtu ana presha, na hakuna namba ambayo mwili wenyewe umeitangaza kuwa mwanzo wa ugonjwa. Wataalamu wa Marekani waliposhusha kiwango kutoka 140/90 hadi 130/80 mwaka 2017, mamilioni ya watu wakawa wagonjwa bila mishipa yao kubadilika. Mpaka wa namna hiyo hauwi wa uongo kwa sababu watu ndio waliouweka. Wenye presha ya juu sana hupooza na kufa kweli, na watoto wenye usonji mzito wanahitaji msaada kweli. Ila mpaka uliowekwa na watu kwa kusudi fulani unapaswa kupimwa kwa kusudi hilo.

Vigezo vya sasa vinasemaje? Kwa mujibu wa DSM ya mwaka 2013, mtu lazima awe na upungufu katika mambo yote matatu ya uhusiano na mawasiliano: kupokezana na wengine mazungumzo na hisia, kutumia na kuelewa ishara za mwili na uso, na kujenga urafiki kwa kadiri ya umri wake. Pamoja na hayo awe na angalau mambo mawili kati ya manne: kurudiarudia mienendo au maneno, kung'ang'ania ratiba ileile, kuzama kupita kiasi katika jambo moja, na kuhisi sauti, mwanga, mguso au ladha kwa namna iliyozidi au iliyopungua. Dalili ziwe zimeanza utotoni. Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo uti wa mgongo wa jambo lote: ziwe zinamlemea mtu katika maisha yake ya kila siku.

Kigezo hicho cha mwisho ndicho kinachofanya kazi ya kuweka mpaka, kwa sababu haya mengine yote yana viwango vinavyopanda polepole. Lakini kulemewa hakumo ndani ya mtoto peke yake. Kunategemea pia kile anachodaiwa na mahali alipo. Chukua kijana wa Usangu asiyependa maneno mengi, anayewatambua ng'ombe wote wa baba yake mmoja mmoja, anayepita njia ileile kila siku kwenda kunywesha na kukasirika akibadilishiwa. Machungani hana tatizo, na huenda akasifiwa. Mwingize darasa la kwanza lenye watoto wengi kupita kiasi, kengele, kelele na mwalimu anayetaka jibu la haraka mbele ya wote, naye atajificha chini ya dawati, au atakimbia, au atapigwa kwa ukaidi. Mtoto ni yuleyule. Je, alikuwa na usonji machungani? Vigezo hujibu kwamba dalili zinaweza zisijitokeze wazi mpaka madai ya maisha yazidi uwezo wa mtoto, na nadhani jibu hilo ni la haki. Linakiri kwamba tofauti ilikuwepo tangu awali, lakini haikuhitaji jina la daktari mpaka ilipoanza kumuumiza.

Kuna ugumu mwingine ambao sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaufahamu kuliko walioandika vitabu. Kutomtazama mtu machoni kumetajwa kote kuwa dalili ya usonji. Lakini mtoto aliyelelewa vyema Rungwe au Kilolo hufundishwa kuinamisha macho anapomwamkia mkubwa, na watoto wa kike wengi hupiga goti wakiwa wanatazama chini. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana alipaswa kumkwepa baba mkwe wake kabisa, wasikutane njiani wala kutazamana. Mtaalamu anayehesabu tu ni mara ngapi mtoto amemwangalia usoni mgeni aliyevaa koti jeupe atamwandika mtoto mwenye adabu kuwa na dalili. La kuuliza ni kama mtoto huyu humwangalia dada yake wanapocheza, humtafuta mama kwa macho anapoogopa, humwonyesha bibi kwa kidole ndege aliyetua juu ya paa, si kwa kumtaka ndege bali kwa kutaka bibi naye amwone. Hicho kidole cha kushirikishana jambo ni ushahidi mzito kuliko macho, na mzazi yeyote anaweza kukielezea bila kusoma kitabu.

Vipimo vyenyewe vinabeba mazingira ya vilikotoka. Kipimo kinachotumiwa sana duniani, ADOS, ambacho mtaalamu humtazama mtoto akicheza na kuzungumza naye, hugharimu fedha nyingi na kuhitaji mafunzo maalumu, na katika baadhi ya sehemu zake mtoto huombwa kumfanyia mwanasesere sherehe ya kuzaliwa, pamoja na keki na mishumaa. Mtoto wa Chunya ambaye hajawahi kuona mshumaa ukizimwa kwa pumzi juu ya keki atakaa kimya, na ukimya wake hautasema lolote kuhusu uwezo wake wa kuigiza. Mpe magunzi mawili na kitambaa uone kama atambeba mmoja mgongoni. Mwache na wenzake wanaopika ugali wa udongo uone kama anajua nani ni baba na nani ni mgeni. Dodoso la M-CHAT, lenye maswali 20 kwa mzazi wa mtoto wa miezi 16 hadi 30, lina nafuu kidogo, kwa sababu moja ya mifano yake ni mtoto kujifanya anaongea na simu, jambo ambalo hata mtoto wa kijijini Makete hulifanya kwa kipande cha ubao. Hata hivyo dodoso hilo ni la kuchuja tu. Matokeo yake husema "mpeleke akachunguzwe", hayasemi "ana usonji".

Lugha nayo ina ushahidi wake, ingawa unahitaji sikio la hapa. Mtoto akiulizwa "hujambo?" akajibu "hujambo?", tena na tena, miezi na miezi, au akisema "unataka maji" akimaanisha kwamba yeye ndiye mwenye kiu, huenda anarudisha maneno kama alivyoyapokea, na hiyo ni dalili inayojulikana tangu Kanner. Anayeamkia wadogo zake "shikamoo" kwa sauti ileile anayomwamkia babu, na haoni kosa hata baada ya kuelekezwa mara nyingi, anatuonyesha kwamba ameshika neno lakini hajashika uhusiano. Kwa upande mwingine, mtoto anayesikia Kinyiha kwa bibi, Kiswahili kwa mama na Kiingereza cha katuni kwenye runinga anaweza kuchanganya maneno kwa muda bila kuwa na kasoro yoyote. Lugha nyingi hazisababishi usonji, wala si sababu ya kumwambia mama asubiri tu.

Kabla ya kuvuka mpaka wa usonji, kuna milango mingine ya kubisha. Asiyesikia haitiki akiitwa jina, kwa hiyo masikio hupimwa kwanza. Aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata umanjano mkali, au aliyepona malaria iliyopanda kichwani anaweza kubaki na madhara ya ubongo yanayofanana na usonji, na wakati mwingine yote mawili hukutana ndani ya mtoto mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 juu ya watoto 20 nchini Tanzania, ambao 14 kati yao walitimiza vigezo vya usonji, uliwakuta baadhi ambao dalili zao zilianza baada ya malaria kali. Ulemavu wa akili peke yake, kifafa, na upweke wa mtoto aliyeachwa bila wa kumsemesha, vyote vinaweza kuchanganywa na usonji. Ndiyo maana sioni vyema mtu kutamka neno hilo baada ya kumwona mtoto dakika kumi.

Hadi hapa nimesema kuhusu mpaka wa nje. Katika nchi tajiri ubishi mkali zaidi sasa uko kwenye upana wa kilichomo ndani. Mwaka 2019 Eya-Mist Rødgaard, Laurent Mottron na wenzao walionyesha kwamba katika tafiti zilizochapishwa kwa miongo kadhaa, tofauti zinazopimwa kati ya watu wenye usonji na wasio nao zimekuwa zikipungua. Hofu yao ni kwamba neno likizidi kupanuka litabeba watu wasiofanana, na utafiti utashindwa kupata chochote cha uhakika. Mwaka 2021 jopo la jarida la tiba la Lancet lilipendekeza jina la pekee, usonji mzito, kwa wale kuanzia umri wa miaka minane wanaohitaji mtu mzima karibu nao saa zote na ambao wana ulemavu mkubwa wa akili au hawana lugha ya kutosha. Hesabu ya Marekani iliyochapishwa mwaka 2023 iliwakuta hao kuwa asilimia 26.7 ya watoto wa miaka minane waliotambuliwa kuwa na usonji. Watu wengi wenye usonji wanaojisemea wenyewe wamelipinga jina hilo, wakihofia kwamba linawafuta wengine, na kwamba aliyepewa ataonekana hana la kujifunza.

Ninawaelewa pande zote, lakini naegemea upande wa kutenga ndani bila kukata nje. Mama wa Mwanjelwa mwenye kijana wa miaka 15 asiyesema, anayejipiga kichwa ukutani na ambaye hawezi kuachwa peke yake hata aende sokoni, hana shida moja na mwanafunzi wa chuo anayechoka na kelele za bweni. Neno moja likiwafunika wote wawili bila maelezo zaidi, yule asiyeweza kusema ndiye atakayesahaulika, kwa sababu wanaosikika ni wanaosema. Ainisho la Kimataifa limetoa njia nzuri: baada ya kuandika usonji, mtaalamu anatakiwa aandike pia kama kuna ulemavu wa akili na lugha ya mtu inafikia kiwango gani.

Lakini ubishi wa nchi tajiri tusiuchukue mzimamzima na kuuleta huku. Kwao tatizo ni mpaka uliosogea mbali. Kwetu bado uko karibu mno na hali mbaya kabisa. Anayetambuliwa hapa mara nyingi ni yule ambaye hakuna awezaye kumkosa: hasemi, anakimbia ovyo, anajiumiza. Anayesema lakini kwa namna yake huitwa mkaidi au mwenye mashetani. Wasichana hupotea zaidi, kwa kuwa msichana mkimya husifiwa. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliona kwamba uwiano wa wavulana kwa wasichana uko karibu na watatu kwa mmoja, si wanne kwa mmoja kama ilivyozoeleka, na tofauti hiyo ni ya wasichana waliokuwepo bila kuonekana. Kwetu, kusogeza mpaka nje kidogo ni haki, mradi kigezo cha kulemewa kibaki palepale.

Na hapa naomba msomaji atenganishe maswali mawili ambayo huchanganywa na kuwagharimu watoto miaka. La kwanza ni kama mtoto ana usonji. La pili ni msaada gani anauhitaji sasa. La kwanza linaweza kusubiri mtaalamu, ambaye kwa familia ya Ludewa au Sumbawanga huenda yuko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, au mbali zaidi, Muhimbili. La pili halipaswi kusubiri. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji, vikao 9 vya vikundi na ziara 3 za nyumbani, yanayoweza kutolewa na watu wasio mabingwa baada ya kufunzwa, na hayamdai mtoto awe na jina la ugonjwa kwanza. Yamejaribiwa Ethiopia na Kenya. Mlezi hufundishwa kuingia katika mchezo wa mtoto, kutumia kazi za nyumbani kama kupepeta mchele au kuteka maji kuwa nafasi za kuwasiliana, na kusoma kinachotangulia ghadhabu kabla haijalipuka. Mtoto ambaye baadaye atathibitika kuwa hana usonji hatakuwa amepoteza chochote.

Mpaka ukishawekwa, karatasi itakayotoka kwa daktari iwe na maneno zaidi ya hilo moja. Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri hawawezi kufanya lolote na barua inayosema "usonji" peke yake. Waandikiwe kama mtoto anaelewa maelekezo ya hatua moja au tatu, kama anaweza kuomba maji kwa neno au kwa kuvuta mkono wa mtu, sauti gani humtoa darasani, kama huvuka barabara peke yake, kama ana degedege. Na waandikiwe tarehe ya kumwona tena, hasa anapokaribia kuanza shule na tena anapobalehe, kwa maana mtoto aliyekuwa ng'ambo ya mpaka akiwa na miaka mitatu anaweza kuwa upande wa pili akiwa na miaka tisa.